Siku Gari Likilala Gereji

Swali lenyewe ni hili: mtu mwenye biashara ndogo, anayelipa kodi ya nyumba kwa jasho, je, anaweza kumrudishia mwenye nyumba funguo zake, akanunua gari lenye kitanda, jiko na choo, akahamia humo na biashara yake ikamfuata barabarani? Huko Marekani wapo maelfu wanaoishi hivyo mwaka mzima. Gari lenyewe wao huliita RV. Mimi nitaliita gari-nyumba. Wengi wanaotamani maisha hayo huanza kwa kuuliza bei ya gari. Naamini swali la kwanza ni jingine, na nimeuandika mjadala huu ili nilifikie bila kumnyima haki yake yeyote anayenipinga.

Wanaozungumza ni watatu. Watu nimewatunga, sheria, vipimo na mahali wanapopataja ni vya kweli. DADA ni Mtanzania anayeshona mikoba na aproni za kitenge. Anaishi na mumewe kwenye gari-nyumba, anauza kwenye maonyesho, na oda nyingine zinaingia kwa intaneti. KAKA ni ndugu yake mkubwa, mhasibu, mwenye nyumba yake Dallas. FUNDI ni mzee wa Mombasa aliyeendesha malori ya masafa marefu huko Marekani, na sasa anatengeneza magari-nyumba kwa kuwafuata wenyewe kambini.

Nimewakutanisha Quartzsite, jimbo la Arizona, mwezi Januari. Ni mji mdogo jangwani, kwenye makutano ya barabara kuu namba 10 na namba 95, wenye wakazi wapatao 2,400 kwa sensa ya 2020. Baridi ikianza kuuma kaskazini, jangwa hili hujaa magari-nyumba hadi jicho linapoishia. Watu huja kuota jua, huja kwa maonyesho ya magari-nyumba chini ya hema kubwa, na huja kwa masoko ya mawe na vito. Pembeni mwa mji serikali kuu ina ardhi iitwayo La Posa, ambako mtu anaruhusiwa kukaa kuanzia tarehe 15 Septemba hadi 15 Aprili kwa kibali kimoja, ambacho kwa miaka mingi kimeuzwa dola 180. Umeme wa kuchomeka hakuna, wala bomba la maji mlangoni. Unajitegemea.

KAKA: Shikamoo, mzee.

FUNDI: Marahaba, mwanangu. Nasikia umetoka Dallas kuja kumchukua dada yako.

KAKA: Nimekuja kumkagulia hesabu, maana kwa simu tumebishana hatukufika popote. Dada, sikatai kwamba mnaishi vizuri. Nimelala humu jana na usingizi nimeupata. Ila kwenye daftari lako umefuta mstari wa kodi ya nyumba ukaandika sifuri. Gari hili linakwenda maili nane kwa galoni, yaani kama kilomita tatu na nusu kwa lita. Weka bima, weka matairi, weka kambi za kulipia, weka na thamani ya gari inayoshuka kila mwaka. Kodi ya nyumba hujaifuta. Umeihamishia kwenye mistari mingine.

DADA: Hiyo ni hesabu ya mtu anayetembea kila siku, kaka. Sisi tunafuata kalenda ya maonyesho. Tukifika mahali tunakaa wiki kadhaa, injini haiguswi. Dola 180 kwa miezi saba, gawanya mwenyewe.

KAKA: Haifiki dola 26 kwa mwezi. Haya, na miezi mitano iliyobaki?

FUNDI: Hapo kaka yako kakugusa. Ardhi nyingine za serikali huku jangwani ni siku 14 ndani ya kila siku 28, kisha uhame. Tena kulala ni jambo moja na kuuza ni jingine. Ukitandaza biashara juu ya ardhi ile bila kibali chake, askari wa hifadhi anakuja.

DADA: Ndiyo maana meza yangu iko mjini, kwenye kiwanja cha maonyesho, na nafasi nailipia. Kaka, mimi sikuhama kukimbia kodi peke yake. Nilipokuwa na kibanda sokoni kwenu, mteja aliyependa kitenge alinunua mkoba mmoja, akatosheka. Mwaka mzima nilikuwa nawauzia watu walewale. Sasa kila mwezi nakutana na watu ambao hawajawahi kukigusa kitambaa hiki. Wanakishika, wanauliza kimetoka wapi, wananunua. Barabara kwangu ndiyo soko.

Nisimamishe mazungumzo hapo. Kwenye suala la kuokoa fedha, Kaka yuko karibu zaidi na ukweli kuliko picha nzuri zinazosambazwa za watu wanaokunywa kahawa mlangoni mwa gari huku mlima ukiwa mbele yao. Anayeokoa ni anayetulia. Anayeamka kila kukicha akabadilisha jimbo analipa petroli kuliko alivyolipa pango. Lakini alichokisema Dada mwishoni ni kizito zaidi ya akiba. Yeye ana sababu ya kibiashara ya kuwa barabarani. Wengi hawana. Mtu anayesanifu nembo za kampuni kwa kompyuta anaweza kufanya kazi hiyo kwenye gari, lakini gari halimwongezei hata mteja mmoja. Kwake ni mtindo wa maisha, nao si dhambi, ila gharama yake asiiandike upande wa mtaji.

Kuna pia mambo ambayo picha hazionyeshi. Gari-nyumba huwa na matangi matatu: la maji safi, la maji ya kuogea na kuoshea vyombo, na la choo. La choo likijaa halisubiri kesho. Unaliendesha gari hadi kituo cha kumwagia, unavaa glavu, unaunga bomba nene la inchi tatu, unafungua vali ya choo kwanza; ikishaisha ndipo unafungua ile ya maji ya sabuni ili yasuuze bomba. Ukigeuza mpangilio, uchafu unabaki ndani ya bomba na utasafiri nao. Kazi ni ya dakika chache ikiwa uko peke yako, na ni ya asubuhi nzima ikiwa kambi nzima inaondoka siku hiyohiyo.

DADA: Mteja anataka tuonane kwa video saa nne, nami saa tatu na nusu niko kwenye foleni ya kumwaga choo. Nimejifunza kutopanga mazungumzo siku ya kuhama.

KAKA: Na umeme wa kushonea?

DADA: Cherehani hainisumbui. Inakula kama wati 100. Betri moja ya lithiamu ya ampea-saa 100 inabeba karibu wati-saa 1,280, na paneli za juu ya paa zinairudishia mchana kutwa. Nashona hadi jioni na taa bado zinawaka. Kinachonitesa ni pasi. Mshono wa kitenge bila pasi hauuziki, na pasi inavuta wati zaidi ya elfu moja, kama kiyoyozi. Kwa hiyo nakata siku moja, nashona siku mbili, kisha napiga pasi vyote kwa mkupuo jenereta ikiwaka. Kambini kuna saa za utulivu, jenereta usiku ni marufuku. Hata mpangilio wa kazi yangu umeamuliwa na pasi.

FUNDI: Na intaneti?

DADA: Hiyo ilikuwa shida ya zamani. Tangu Starlink walipoanza kuuza intaneti ya setilaiti kwa magari-nyumba mwaka 2022, hata jangwani napokea oda. Mradi mti usizibe anga, na huku miti iko wapi?

Napita haraka hapo, kwa sababu maji, umeme na mtandao ni mambo ya ufundi, na ya ufundi hutatuliwa kwa fedha na uzoefu. Kaka alipofungua mkoba wake wa makaratasi ndipo mjadala ulipokuwa mgumu, na hapo nataka tukae.

KAKA: Nijibu kama ungemjibu karani. Unaishi wapi?

DADA: South Dakota.

KAKA: Umelala South Dakota mara ngapi?

DADA: Kupata leseni ya udereva, usiku mmoja unatosha, kaka. Unaonyesha risiti ya kambi au hoteli ya huko isiyozidi mwaka, na anwani ya kampuni inayokupokelea barua. Fomu ya posta, namba 1583, unaisaini mbele ya shahidi wa kisheria ili waruhusiwe kukupokelea. Wenzetu wengine wamechagua Texas au Florida. Majimbo hayo matatu hayatozi kodi ya mapato ya jimbo.

KAKA: Jimbo halitozi, serikali kuu inatoza. Aliyejiajiri analipa asilimia 15.3 ya hifadhi ya jamii na Medicare, bima ya afya ya wazee, kabla hata hatujafika kwenye kodi ya mapato yenyewe. Na kwa kura, mwaka 2023 South Dakota ilipitisha sheria ya kutaka uwe umekaa jimboni siku 30 ndipo ujiandikishe. Leseni wanakupa kwa usiku mmoja, kura ina masharti yake. Lakini hilo si linaloninyima usingizi. Niambie petroli umeiandikaje.

DADA: Gharama ya safari ya biashara. Nasafiri kwenda kuuza.

KAKA: Ndilo kosa ninalolikuta kwenye madaftari ya watu wa barabarani kila Aprili. Mamlaka ya kodi ya Marekani inauliza kwanza: makao yako ya kikodi yako wapi? Asiye na mahali maalumu pa biashara inapima kwa mambo matatu. Moja, je, sehemu ya kazi yako unaifanya eneo la nyumba yako kuu, na ukiwa huko kikazi unalala humo? Pili, je, unaendelea kuigharamia nyumba hiyo huku ukilipa tena malazi kwa sababu kazi imekutoa? Tatu, je, hujalihama eneo hilo, au familia yako bado ipo, au wewe mwenyewe unaitumia nyumba hiyo mara kwa mara? Ukitimiza yote, una makao. Ukitimiza mawili, inategemea mazingira yako. Ukitimiza moja tu, wewe ni mtu asiye na makao maalumu, kila unapofanya kazi ndipo kwako. Na mtu aliye kwake hawezi kudai gharama za kulala safarini.

DADA: Lakini gari zima ni karakana yangu!

KAKA: Ni nyumba. Lina kitanda, jiko na choo, na sheria ya kodi inalihesabu kama makazi, hata likiwa na usukani. Ofisi ya nyumbani wanakukubalia ikiwa sehemu hiyo inatumika kwa biashara mara kwa mara, na kwa biashara peke yake. Hii meza unashonea nini?

DADA: Mikoba.

KAKA: Na jana usiku tulikula wapi?

FUNDI: Tulikula pilau, mwanangu, hapohapo. Nami ni shahidi.

KAKA: Basi meza hii si ofisi. Tena bado hatujagusa kodi ya mauzo. Hapa Arizona ukiuza mezani lazima uwe na leseni ya kodi ya mauzo, ni dola 12, rahisi. Ukivuka California unaanza upya na kibali chao. Na zile oda za mtandaoni, tangu Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua kesi ya South Dakota dhidi ya Wayfair mwezi Juni 2018, jimbo linaweza kukudai uikusanyie kodi hata kama hujawahi kukanyaga ardhi yake, mradi umefikia kiwango cha mauzo. Katika kesi ile kiwango kilikuwa dola 100,000 au miamala 200 kwa mwaka. Dola hujazifikia. Miamala je, kwa mikoba midogo midogo?

Dada hakuwa na jibu la papo kwa papo, nami simpi la kuazima. Hili ndilo eneo ambalo ndoto ya barabarani huvunjika kimyakimya. Mtu anahama akiamini anaondoka kwenye mfumo, kumbe amejiingiza kwenye mifumo kadhaa kwa wakati mmoja. Anayekaa mji mmoja anajifunza sheria za mji mmoja. Dada anapaswa kuzijua za kila jimbo anamotandaza meza. Namheshimu kwa kazi anayoifanya, na kwa ajili hiyohiyo nasema mhasibu wake asiwe mtu anayemwambia anachopenda kusikia.

FUNDI: Mkimaliza makaratasi, twendeni makaburini mkasalimie mtu. Kuna piramidi ndogo ya mawe, juu yake sanamu ya ngamia. Amelala hapo Haji Ali. Wamarekani walimwita Hi Jolly. Jeshi lao lilianza kuwaleta ngamia mwaka 1856, pamoja na watu wanaowajua, Haji akiwemo, kujaribu kama mnyama huyo atabeba mizigo katika jangwa hili. Ngamia walifanya kazi nzuri. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vikaja, jaribio likaachwa. Haji akabaki na ngamia wachache, akaanzisha biashara yake ya kusafirisha mizigo. Ikafa. Mwisho aliwaachia ngamia waende zao. Alifariki hapa mwaka 1902.

KAKA: Biashara ilikufa kwa nini, mzee? Si umesema ngamia walikuwa wazuri?

FUNDI: Kwa sababu kila kitu kilichomzunguka kilikuwa cha nyumbu. Njia za nyumbu, wachungaji wa nyumbu, mazizi ya nyumbu, tena nyumbu wenyewe wakimwona ngamia walikata kamba. Mnyama akiugua, nani wa kumtibu? Ninachowaambia watu wakija kuniuliza gari la kununua: usinunue zuri kuliko mafundi wa unakopita. Nunua ambalo fundi wa kijiji, mwenye karakana ya malori, akifunua boneti anajua pa kushika. Chasi ya Ford spea zake ziko kila mji. Kuna magari ya fahari ambayo kifaa kimoja kikifa unakisubiri kama mwezi wa Ramadhani.

KAKA: Hapo sasa ndipo nilipotaka tufike. Dada, mwambie mzee yaliyokupata kiangazi kilichopita.

DADA: Giaboksi. Tulikuwa njiani kwenda kwenye maonyesho. Gari likavutwa hadi gereji, wakasema foleni ni ndefu, tusubiri. Sheria yao hairuhusu mtu kulala ndani ya gari lililo uani kwao. Tukachukua vyumba vya hoteli ya barabarani. Cherehani ndani ya gari. Vitambaa ndani ya gari. Mikoba iliyokwisha kushonwa, ndani ya gari. Ada ya meza tulishalipa na hairudi. Maonyesho mawili yakapita tukiwa hotelini tunatazama simu.

KAKA: Nilipokupigia ulilia.

DADA: Nililia, ndiyo. Sikulilia giaboksi. Nililia kwa sababu siku moja, kwa hitilafu moja, nilikosa nyumba, nikakosa kiwanda, nikakosa duka na nikakosa usafiri. Mtu wa nyumba ya kawaida gari likiharibika anapanda basi.

Swali ninaloliona ndilo la kwanza ni hilo: gari likilala gereji wiki tatu, biashara inaendelea au inalala nalo? Bei ya gari, ukubwa wa betri, jimbo la kuchukulia leseni, vyote vije baadaye. Uzuri wa gari-nyumba ni kwamba limekusanya kila kitu mahali pamoja, na hatari yake ni hiyohiyo. Anayeendesha biashara humo ameweka makazi, mtambo, ghala na lori juu ya ekseli zilezile. Nimesoma ushauri mwingi unaompa mtu orodha ya vitu vya kununua kabla ya kuondoka. Sijauona wa kutosha unaomwambia akae kitako na kuandika, kwa kalamu, siku ishirini za gereji zitakavyokuwa: nitalala wapi, nitashonea nini, mzigo wa mteja utatoka wapi, nani atalipwa na nani atasubiri.

FUNDI: Kabla ya gereji, mwanangu, kuna matairi. Njoo huku nje, inama uone. Ubavuni, kando ya herufi DOT, mwishoni kuna tarakimu nne. Soma.

DADA: Tatu, sita, moja, tisa.

FUNDI: Wiki ya 36 ya mwaka 2019. Kashata za tairi hazijaisha, ukilitazama unasema jipya. Lakini magari haya hukaa sana juani kuliko yanavyotembea, raba inazeeka imesimama. Wengi tunawaambia wasilipitishe miaka saba. La mbele likipasuka kwenye mwendo, gari lenye uzito huu linakuvuta pembeni, na vipande vyake vinararua mabomba ya chini. Nimewatengenezea watu wengi ambao mkosi wao ulianza na tairi lililoonekana zuri.

KAKA: Kwa hiyo mzee, hata wewe unamwambia arudi mjini.

FUNDI: Sijasema hivyo. Mimi naishi barabarani kama yeye, na barabara inanilisha. Tofauti ni kwamba mimi natengeneza magari ya kambini, mteja wangu yuko hatua mia kutoka ninapolala, na vifaa vyangu viko kwenye pikapu. Nyumba yangu ni tela. Pikapu ikifa, tela inabaki kambini, mke wangu amelala kitandani pake, mimi naomba pikapu ya jirani na kazi inaendelea. Tela ikipata hitilafu, pikapu inatembea. Kwa nini mlinunua nyumba yenye injini tumboni?

DADA: Kwa sababu ya kuegesha, mzee. Tela ndefu mjini, kwenye viwanja vya maonyesho, kurudi nyuma katikati ya mahema ya watu, siwezi. Mume wangu naye hawezi. Na mvua ikinyesha naondoka bila kutoka nje.

FUNDI: Kurudi nyuma na tela ni mazoezi. Mwaka 1959 Mmarekani mmoja, Wally Byam, mwenye kampuni ya Airstream, aliongoza msafara wa tela 41 kutoka Cape Town hadi Cairo. Walipita Afrika Mashariki na Ethiopia kwenye njia za vumbi na matope, wengi wao wakiwa wastaafu. Waliweza wao, wewe huwezi kwenye lami?

DADA: Wale walikwenda kutalii, mzee. Hawakuwa na mteja anayesubiri mzigo Jumatano.

Dada amejibu vizuri, ila hoja ya Fundi haijaanguka. Mimi niko upande wa Fundi kwa anayeanza leo: kichwa na nyumba vitengane. Kwa Dada, ambaye gari ameshalinunua na kuliuza sasa ni hasara, kutenganisha kunawezekana kwa njia nyingine. Gari dogo la kukokotwa nyuma, ambalo siku ya gereji litawapeleka sokoni. Cherehani ya pili na marobota ya vitambaa kwenye chumba kidogo cha kukodi kwenye mji wanaopita mara nyingi. Oda za mtandaoni zisiwe mzigo ulio ndani ya gari, bali ulioachwa kwa mtu wa kuutuma. Na akiba ya hoteli iwe na mstari wake kwenye daftari, kama kodi ya nyumba ilivyokuwa nao.

KAKA: Na ukiugua? Bima yako ya afya ina mtandao wa hospitali za jimbo moja. Nje ya hapo wanakulipia dharura, basi. Shinikizo la damu si dharura hadi liwe dharura.

DADA: Vipimo vya mwaka nafanyia kwenye jimbo la bima. Vidonge nachukua vya miezi mitatu. Ni usumbufu, sikatai.

KAKA: Na uzee? Nilimaliza kutazama ile filamu ya Chloé Zhao, Nomadland, iliyotokana na kitabu cha Jessica Bruder. Wazee wanafanya kazi za ghala, za kuvuna viazi sukari, wanalala kwenye gari kwa sababu hawana pengine. Nilikufikiria.

FUNDI: Ile ni hadithi ya wanaofukuzwa na maisha, wala usiidharau, nawatengenezea magari yao na wengine siwatozi. Lakini ipo na nyingine. Livingston, Texas, kuna klabu ya watu wa magari-nyumba iitwayo Escapees, iliyoanzishwa mwaka 1978 na Joe na Kay Peterson. Wana kituo kwa wanachama ambao umri au ugonjwa umewazuia kuendesha. Mtu analala kwenye gari lake mwenyewe, analetewa chakula, anasaidiwa kwenda kwa daktari. Watu wa barabarani wamefikiria uzee kabla yako, mhasibu.

KAKA: Nimesikia, mzee. Dada, mimi sikuja kukutoa huku. Nilitaka uniambie utatokaje siku ukitaka kutoka, kwa sababu gari hili halitakuwa na thamani ya nyumba baada ya miaka kumi.

DADA: Nitaliuza likiwa bado linatembea, kabla ya giaboksi ya pili. Wateja wangu wameshanijua kwa jina, hawanijui kwa gari. Orodha yao ninayo. Na chumba cha kuwekea mali nitakikodi Dallas, kama mkeo atakubali kunitumia mizigo kwa malipo.

KAKA: Wifi yako atakubali, ila atataka mkataba wa maandishi.

DADA: Andika wewe.

KAKA: Naandika leo. Sasa niletee risiti za petroli za Oktoba hadi Desemba, zilizoandikwa jimbo kwa jimbo, na idadi ya oda ulizotuma kila jimbo. Tukianza sasa, hadi saa ya chakula tutakuwa tumejua wapi unadaiwa na wapi hudaiwi.

FUNDI: Anzeni. Mimi nashusha tairi la mbele.